Rangi ya kucha kwenye kadi ya Linux

Pale kwenye depo ya samaki ya Papa Ramazani wananiita Monsieur Verni, na aibu hiyo niliitafuta mwenyewe kwa mikono yangu miwili, kwa hiyo mkicheka, chekeni tu.

Mimi ni mtu wa kushuku. (Hapa Lubumbashi asiyeshuku hurudishiwa simu yenye betri ya mwingine.) Ukipeleka kitu kwa fundi, kwanza unatia ndani, mahali pa siri, tone la verni, ile rangi ya kucha, ili kikibadilishwa ujue. Sasa Papa Ramazani, baba yake Zaina, yule msichana ambaye wajomba zangu walikuwa waende kuniposea Jumamosi ile, alitaka skrini mlangoni ya kuonyesha samaki gani wamefika kutoka Kasenga, nami msomi wa chuo kikuu pale Kasapa nikasema hiyo ni kazi yangu, nikachukua kompyuta ndogo isiyozidi kiganja, nikaandika kwenye kadi yake ya kumbukumbu Linux, mfumo wa kuiendesha, pamoja na bootloader, ile programu inayoamka kwanza ndipo iziamshe nyingine, nikaijaribu nyumbani, ikaamka vizuri. Lakini wa kuifunga pale depo alikuwa Idi, kaka yake Zaina, fundi wa simu, na Idi ana droo imejaa kadi (zilitoka wapi?), basi nikamwomba Zaina verni yake nyekundu nikidai ni ya kumpelekea dada yangu, nikatia tone nyuma ya kadi, nikaifunga upesi kwenye karatasi maana nilikuwa nimechelewa.

Mbele ya wateja tukaiwasha. Taa moja, skrini nyeusi. Tukazima, tukawasha tena, nyeusi ileile. Idi akaichomoa kadi akaenda kuijaribu mezani kwake, akanipa mgongo, dakika mbili, tatu, mimi nakitazama kiwiko chake tu.

"Machine haione hii carte hata kidogo," akasema aliporudi. "Labda bootloader haikuingia muzuri."

Hapo iliniuma, kwa sababu niliijaribu mwenyewe.

"Idi, ulichange carte yangu," nikasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Yangu iko na alama."

Idi hakubisha, aliigeuza kadi akanionyesha. "Alama njo hii?"

Lile tone, kwa kufungwa kabla ya kukauka, lilikuwa limetapakaa juu ya meno yote ya dhahabu ambayo mashine husomea. Kadi ilikuwa yangu na ugonjwa ulikuwa wangu.

Zaina akasogea, akatazama. "Hii njo verni yangu," akasema polepole. "Ulisema ni ya dada yako. Kumbe ulikuwa unafikiri kaka yangu iko muizi."

Akatoa mkobani dawa ya kuondolea rangi, Idi akaisafisha kadi, akairudisha, maandishi yakaanza kuteremka kwenye skrini na Linux ikaamka bila mtu kushangilia.

"Mutoto," akasema Papa Ramazani, "weye unatafuta muizi ao unatafuta bibi?"

Wajomba hawakwenda Jumamosi ile. Zaina ameniwekea sharti moja: nimwachie Idi simu yangu wiki nzima bila alama, ndipo tuzungumze. Verni siigusi tena maishani. Leo ni siku ya nne simu iko kwake, na sijapita hata mara moja kuchungulia. (Ila skrubu nilizihesabu kabla, ziko sita, msimwambie Zaina.)