Riwaya Zinazoliza

Mama Riwaya aliuza na kukodisha vitabu vya mitumba kwenye kibaraza cha fundi viatu, na watu walimjua kwa jambo moja: akikwambia riwaya itakuliza, utalia. Yeye mwenyewe hakuwa amelia tangu amzike mumewe. Alichofanya ni kukagua kila kitabu kikirudishwa. Kurasa zilizojikunja kwa machozi ndizo zilizomwambia akisifie kipi.

Siku moja akaja muuguzi, mteja wake wa siku nyingi.

"Mwenzangu, nipe kinachouma kwelikweli. Nimemzika mama, machozi yamegoma. Ndugu zangu wananiita jiwe."

Mama Riwaya akachomoa kimoja kilichovimba kama mkate uliolowa. "Hiki kimemliza hata fundi hapo, na mdomo wake mkali ule!"

"Na wewe kilikuliza?"

Angeweza kudanganya, biashara ni maneno. "Nilikisoma wiki ile ya msiba wa mume wangu. Nikakimaliza, nikaenda kufua."

Muuguzi akakirudisha mezani taratibu. "Basi nipe cha kuchekesha."

"Cha kuchekesha nacho nilikisoma, sikucheka. Kaa kwanza, kigoda hicho hapo."

Akakaa. Wakatazama wapita njia, na hakuna aliyemuuliza mwenzake kwa nini halii.