Nyumba ya Mabati Mekundu na Ziwa Nyuma Yake

Kwa miaka mingi nilikuwa mpiga picha wa pasipoti. Studio yangu ilikuwa chumba kimoja kando ya barabara iendayo Bondo, nje kidogo ya Kisumu: pazia la bluu, stuli moja, na kioo ambacho wateja walikitazama kuliko walivyoitazama kamera. Simu zilipoingia kila mfuko, wateja waliniacha mmoja mmoja bila kuaga. Nilinuna karibu mwaka mzima. Kisha nikaibeba kamera nikatoka kuupiga picha mtaa wenyewe, maana nyuso zilikuwa zimenichosha.

Mtaa wetu si kijiji tena na bado haujawa mji. Reli ya zamani inaukata katikati, na siku nyingi wanaopita juu yake ni mbuzi. Juu kuna mlima wa Riat na mawe yake makubwa, chini kuna ziwa. Nilipiga picha kanisa la mawe lenye kengele isiyolia. Nilipiga duka tunaloliita la Mhindi, ingawa Mhindi mwenyewe alihama kabla sijazaliwa na anayeuza dagaa wa omena pale sasa ni shemeji yangu. Kila mahali niliwauliza wakongwe habari za hapo, nikaziandika chini ya picha na kuziweka kwenye ukurasa wangu mtandaoni. Watu wa kwetu walioko Nairobi na ng'ambo walizipenda. Wengine waliandika kwamba wamelia. Nikaanza kuitwa Mama Picha hata na watu nisiowajua, na sitadanganya, kichwa kilivimba.

Juu kabisa ya ukurasa niliandika kwamba hapa utauona mtaa wetu kama ulivyo. Nilipenda kuwacheka vijana wanaozipaka picha zao rangi mpaka ziwa linakuwa kijani kama soda. Mimi sichezei picha, nilikuwa nikisema, hata pale ambapo hakuna aliyeniuliza.

Picha iliyopendwa kuliko zote ni ya nyumba ya Dani. Dani ni bibi kwa Kijaluo, na ndivyo tulivyomwita sote yule mjane mzee aliyeishi peke yake mteremkoni, katika nyumba ya udongo iliyopigwa plasta, yenye mabati yaliyopakwa rangi nyekundu zamani. Hakuna nyumba kongwe kuliko hiyo mtaani, na nyuma yake ziwa lote linafunguka hadi vilima vya upande wa pili. Nilifika asubuhi nikamkuta akifagia. Alinipa chai, kisha tukatembea na vikombe vyetu hadi upande wa chini wa boma, karibu na ua, akanionyesha kaburi la mume wake: saruji ndefu, iliyokuwa na msalaba wa mbao mpaka mchwa walipoumaliza. Alinieleza kwamba kwa desturi mwanamume huzikwa kulia kwa nyumba yake, lakini hapo walichimba wakakuta mwamba, wakasogea wakakuta mwamba tena, mwisho wakamteremsha huku kwenye udongo. Nilitikisa kichwa kwa heshima huku nikiwaza kwamba mwanga unanipita.

Kaburi lilinisumbua. Kila nilipoelekeza kamera liliingia kwenye picha, katikati ya nyumba na ziwa. Nani atatundika kaburi la watu sebuleni kwake? Nikasogea hatua mbili kushoto. Ikabaki pembe tu ya saruji, na nilipofika nyumbani nikaifuta kwenye kompyuta, nikajaza nyasi. Ilikuwa kazi ya dakika tatu. Sikuihesabu kuwa ni kuchezea picha. Niliiona kama kupangusa vumbi mezani kabla mgeni hajaingia.

Picha ile ilizunguka. Niliichapisha kubwa, mikahawa miwili ikaitundika ukutani, na mwanamume mmoja wa mjini aliyekuwa akitafuta kiwanja huku kwetu akanunua ya kwake ikiwa na fremu. Dani nilimpelekea ndogo. Aliisogeza karibu, akaisogeza mbali, akasema macho yake siku hizi hayaoni vizuri pembeni. Kisha akanishukuru.

Mwaka uliofuata, mtoto wa ndugu wa marehemu aliuza kipande cha chini cha boma lile, mpaka relini, na mnunuzi akawa yule yule mtu wa mjini. Dani alikuwa kwao, upande wa Bondo, kwenye matanga ya dada yake. Aliporudi baada ya wiki mbili alikuta ua umesogezwa hadi karibu na mlango wake. Saruji ilikuwa imeng'olewa na mafundi, waliosema walidhani ni sakafu ya tangi la maji la zamani.

Alikwenda kwa naibu wa chifu. Siku ya kusikizwa kwa shauri lake nami nilikwenda kama wengine, kwa udadisi tu, nikakaa nyuma. Aliyeuza alisimama akasema baba yake mkubwa alizikwa kulia kwa nyumba kama mwanamume yeyote, na kwamba bibi amezeeka, anachanganya mambo. Wazee wa mtaa walitikisa vichwa kukubali, maana desturi waliijua. Wale waliomzika marehemu wameshakufa, majirani wengi ni wapangaji, na binti pekee wa Dani alikuwa mtoto wa mgongoni siku ya mazishi. Kuchimba ili kuhakikisha, hilo hakuna aliyethubutu hata kulitaja. Kama kaburi lilikuwa kulia, Dani alikuwa amepoteza sehemu ile na basi. Kama lilikuwa chini, hakuna mzee ambaye angekubali mtu ajenge jiko juu yake.

Ndipo mtu wa mjini akafungua kitu alichokuwa amekifunga kwa gazeti. Ilikuwa picha yangu.

"Hii ilipigwa kabla sijanunua," alisema. "Mnaona kaburi hapa? Mimi naona nyasi. Na Mama Picha si huyo hapo nyuma, muulizeni."

Hakuwa mtu mbaya. Aliiamini picha, kama nilivyowaambia watu waziamini. Naibu wa chifu akaniuliza kama ni yangu, nikasema ni yangu. Akaniuliza kama ndivyo palivyokuwa. Dani naye aligeuka, na usoni mwake niliona kitu kinachoniuma mpaka leo: alifurahi kuniona. Alijua nililiona kaburi lile, kwani tulisimama pale pamoja. Alidhani shahidi wake amefika.

Ningeweza kusema kwamba kamera haikufika upande ule. Ingekuwa nusu ya ukweli, na jina langu lingebaki safi. Nilisimama nikiipima nusu hiyo, na nakiri niliipima kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Lakini ingewaacha wazee pale pale walipokuwa, na picha ya kwanza, ile yenye pembe ya saruji, ilikuwa bado kwenye kompyuta yangu.

"Kaburi lilikuwa hapo," nikasema. "Nililifuta mimi."

Mtu mmoja alicheka, kisha wote wakaanza kuongea. Nilitumwa nyumbani, nikarudi na kompyuta kwapani. Pembe ile haikuzidi kipande cha sabuni, lakini ilikuwepo, upande wa chini wa nyumba. Wazee waliisogelea mmoja mmoja na miwani yao. Mchana huo huo wakateremka hadi bomani na kuagiza ua urudishwe ulipokuwa. Mtu wa mjini aliambiwa akamalizane na aliyemuuzia. Picha yangu aliiacha kwenye kiti.

Walipoondoka nilibaki na Dani mbele ya udongo mwekundu uliochimbuliwa. Nilitarajia anishukuru, tena nilikuwa nimeshapanga jinsi ya kuzikataa shukrani zake. Aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza bei ya nyanya:

"Nyathina, mzee wangu alikukosea nini?"

Nyathina ni mwanangu. Nikamjibu kwamba hakunikosea kitu. Akaendelea kungoja sababu, nami nilikuwa na moja tu. Nikamwambia kwamba ziwa lilionekana vizuri zaidi bila yeye.