Wivu wa Mwenye Kusikiliza

Mama yangu alikuwa mkunga, na kila Jumapili baada ya misa wanawake walimfuata mpaka nyumbani. Tulikuwa tumetoka upande wa Bukavu, baba akiwa karani wa forodha hapa Goma, tukakaa katika nyumba ya mbao yenye benchi nyuma yake. Mwanamke angekaa pale na kuanza kulia, na mama angenigeukia: "Weye, enda kuosha sahani." Niliosha hata zilizokuwa safi. Nikichungulia, nilimwona mama amemwinamia mgeni, kichwa upande, kama mtu asiye na jambo lingine duniani. Mimi hakuwahi kunisikiliza hivyo. Nikimwambia tumbo linauma, alinipa majani ya kunywa, basi. Niliwachukia wale wanawake wote.

Watu wakiniuliza kwa nini nilisomea saikolojia, huwa nasema nilitaka kuwasaidia watu wa mji wetu. Si uongo, ila si sababu ya kwanza. Nilitaka kukaa mahali ambapo siri zinafika, na sahani aoshe mwingine. Baba hakuelewa. "Miaka yote hiyo chuoni kwa kujifunza kunyamaza?" aliniuliza. "Si ungenyamaza hapa nyumbani?"

Nilipomaliza nilifungua kabine yangu, yaani ofisi ya ushauri, mtaani Katoyi: chumba kimoja, diploma ukutani, viti viwili vinavyotazamana. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa. Mtazame mtu, mpe muda, atasema.

Lakini mama mmoja aliyekuja kwangu hakusema. Alikuwa mkulima wa Kibumba aliyekimbia vita, sasa anauza viazi mjini, na muuguzi mmoja alimtuma kwangu kwa kuwa chakula kilikuwa hakimpiti kooni. Ameniruhusu kuandika haya. Wiki nne alikaa mbele yangu akiangalia viatu vyake. "Dokta, niko muzima," alikuwa akisema, ingawa mimi si daktari. Wiki ya tano alikuja amesukwa vizuri, na mimi nikajaribu tena kumuuliza juu ya siku waliyokimbia.

"Ah, hiyo nilishaielezea mama mwenye kunisuka kule Birere," alijibu. "Yote. Sasa nirudilie nini?"

Nilitabasamu. Ndani nilikuwa naungua. Wiki nne za subira yangu, na mwenye kitana alikuwa amepewa yote kwa asubuhi moja! Alipotoka niliitazama diploma yangu kama mtu anavyomtazama ndugu aliyemtia aibu mbele za watu.

Jumamosi nilipanda pikipiki mpaka mtaa wa biashara wa Birere. Msusi hakuwa mgumu kumpata. Alikuwa mama mnene mwenye sauti ya chini, chini ya turubai, katikati ya wauza vitenge. Sikumwambia mimi ni nani. Nilikaa kwenye kigoda, akakishika kichwa changu, akaanza. Naungama kwamba nilikwenda nikitumaini kumkuta ni mmbea. Lakini mteja mmoja alisimama pale akataka habari za jirani yake, na msusi hakuinua hata macho.

"Miye kazi yangu ni kusuka," alisema. "Kufumua, mutafumua wenyewe."

Kisha akarudi kwenye kichwa changu. Alikuwa nyuma yangu, haoni uso wangu. Alisema "eeh," alisema "inama kidogo," alisema "pole." Kabla hajamaliza upande wa kushoto nilikuwa nimekwisha kumweleza habari za benchi ya mama, jambo ambalo hata mume wangu halijui. Nilirudi nyumbani na kichwa kinachouma na wivu uliozidi ule niliokwenda nao, maana sasa nilijua kwamba yule msusi anajua kazi.

Jumanne mteja wangu aliingia, akakaa, akanitazama. Halafu akainuka, akazunguka kiti changu, akagusa msuko nyuma ya sikio langu.

"Hii mikono naijua," alisema. "Ulienda kumuuliza mambo yangu?"

Ningeweza kumdanganya. Midomo yangu ilikuwa imeshaanza.

"Hapana," nikasema. "Jina lako halikutoka kinywani mwangu. Lakini nilienda kwa sababu yako. Niliona wivu kwamba ulimwambia yeye, na mimi hapana."

"Wivu? Mutu musomi kama weye?"

"Eeh. Wivu. Nilikosea, unisamehe."

Alicheka. Sikuwa nimewahi kusikia kicheko chake. Kisha kikakatika, naye akabaki pale nyuma yangu, mkono juu ya mgongo wa kiti.

"Na miye niko na wivu," alisema. "Na ni zambi, maana ni dada yangu namuonea."

Siku ya risasi alikuwa shambani, upande wa pili wa barabara. Mtoto wake wa kike, wa mwaka mmoja, alikuwa nyumbani na dada yake mkubwa. Dada alimbeba, akakimbia, mwisho akafika Bukavu. Mpaka wanaonana tena, mtoto alikuwa anakimbia na kuimba, naye akabaki huko kwa dada.

"Dada yangu, mutoto anamuita mama," alisema. "Miye ananiita mama mudogo. Kila mutu ananiambia nimushukuru dada. Namushukuru! Na kila nikimushukuru natamani kumupiga kofi. Kule Birere nilieleza risasi tu. Hii nikiisema, watanidhani muchawi."

Hapo inanipasa kusema ukweli wote. Wakati yule mama analia nyuma yangu, nilichosikia kwanza moyoni ni furaha: hii hakumpa yule msusi, hii ni yangu. Nilimweleza mzee wa kazi yetu anayenisimamia. Hakunibembeleza. "Ulikosea kwenda kule," alisema. "Na ukianza kuhesabu siri za watu kuwa mali yako, funga mlango uende kuuza vitenge."

Sikufunga. Nilivigeuza viti, sasa viko bega kwa bega, vinatazama dirisha. Na siku hizi siku ya vita siiulizi kwanza. Namuuliza mtu: ni nani unamwonea wivu? Hukataa, hucheka, halafu huanza kusema.

Mimi na yule mama wa Kibumba tuliendelea miezi kadhaa, mpaka akapata nguvu ya kumpigia dada yake simu akiwa palepale kwenye kiti. Nilisikia dada akilia upande wa pili. "Kila ukipiga simu," alikuwa anasema, "najua ndio siku ya kuninyang'anya mutoto." Kumbe naye alikuwa akimwonea mdogo wake wivu muda wote huo. Walipatana mtoto awe anakuja Goma wakati wa likizo.

Mara ya mwisho alikuja kuaga tu. Mtoto angefika na boti kutoka Bukavu, na yeye hakuwa na nafasi tena ya kukaa na mimi.

"Na kusukwa?" nikamuuliza, kabla sijajizuia.

"Kusukwa nitaendelea," akasema. "Na mutoto nitamupeleka."

Nilimkuta sokoni mwezi uliofuata, viazi mbele yake, binti akichezea mizani. Bado anamwita mama mudogo, aliniambia, ila akishikwa na usingizi mchana husahau na kumwita mama.

"Niko namungojea asinzie," alisema, na kucheka.

Nikanunua viazi.