Nyumba ya Hodi Kila Mlango

Shangazi yangu aliolewa akiwa na miaka hamsini na saba. Waliomwambia kwamba amechelewa aliwajibu kuwa hakuchelewa, alikuwa na kazi. Kazi yenyewe ni ufundi viatu. Chumba cha mbele cha nyumba yake kina benchi, cherehani ya ngozi ya kuzungusha kwa mkono, makopo ya gundi, na rafu tatu za viatu vinavyosubiri wenyewe. Kidole gumba chake cha kulia kimepinda kwa miaka thelathini ya kusukuma sindano, na ulimi wake unachoma kuliko hiyo sindano. Mimi ni mtoto wa kaka yake, nimekulia mikononi mwake, kwa hiyo nikimsema humu msinisaidie.

Mume alijileta mwenyewe. Ni fundi magodoro, aliyefiwa na mkewe zamani, mpole mpaka unatamani kumtikisa uone kama yupo. Mtaa mzima humwita Mzee Godoro. Mwaka ule alileta viatu vilevile kubadilishwa soli mara tatu. Mara ya tatu Shangazi alivipindua, akavikagua, akamwambia viatu hivi ni vizima, labda anayeumwa ni mwenye viatu. Mzee Godoro alikubali kwamba ndivyo ilivyo. Baada ya miezi minne wakaoana, akahamia kwa Shangazi kwa sababu kule kuna ua.

Hakuhamia peke yake. Shangazi alikuwa na mbwa jike, Nta, mwenye rangi ileile ya nta anayopaka kwenye uzi, na kwa miaka tisa Nta alikuwa amelala chini ya benchi bila kumtafuna mteja wala kiatu. Mzee Godoro naye alikuja na jike lake, Sufi, jeupe, lenye manyoya mengi. Alikuwa amemwokota karakanani, ndani ya gunia la sufi, hajafumbua hata macho, akamlea kwa chupa. Mkewe alipofariki, Sufi ndiye pekee aliyebaki wa kumsubiri mlangoni. Shangazi alilijua hilo tangu mwanzo, na sidhani kama aliwahi hata kuwaza kwamba mtu anaweza kumchukua mzee akamwacha mbwa.

Wiki mbili za kwanza zilikuwa asali. Majike yalinusana, yakazungukana, yakagawana kivuli uani. Shangazi akaanza kujisifu kwa wateja kwamba nyumba ni mwenye nyumba. Wiki ya tatu walikutana kwenye mlango wa jikoni, mmoja anaingia, mwingine anatoka, na hakuna aliyetaka kumpisha mwenzake. Hapakuwa na mfupa wala chakula. Walipigania mlango tu, na walipomwagiwa maji wakaachana, sikio la Sufi lilikuwa limechanika.

Hapo Shangazi akafanya kosa ambalo mtu mwenye adabu tu ndiye angelifanya. Alisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Akampeleka Nta uani, akamlaza Sufi chini ya benchi, akampa chakula wa kwanza, akamsalimia wa kwanza kila asubuhi. Alikuwa mkarimu kwa mbwa kama alivyofundishwa kuwa mkarimu kwa watu. Mwenyeji hakupona hata kidogo. Nta alikaa uani akitazama mlango, na kila ulipofunguliwa aliingia moja kwa moja kudai benchi lake kwa meno.

Daktari wa mifugo, dada mmoja mwenye buti za mpira, alisikiliza mkasa wote akicheka kwa ndani. Alisema mbwa hajui mambo ya mgeni. Anajua nani alitangulia, na wao wamemshusha cheo mkubwa wa nyumba bila kosa. Wote wawili walikuwa wamekwisha kufungwa kizazi, kwa hiyo hapo hapakuwa na la kuongeza. Alisema pia kwamba madume mara nyingi hupigana yakamaliza, lakini majike yakichukiana huweka moyoni. Kwa namna mambo yalivyofika, ama mmoja ahame, ama wasionane tena mpaka kufa. Na wakishikana, alituonya, mtu asithubutu kuingiza mkono katikati.

Majirani walikuwa na methali yao tayari, kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Shangazi akawajibu kwamba hao ni mafahali, hawa ni majike, na methali yao bado haijatungwa.

Basi wakaanza maisha ya zamu. Asubuhi Nta yuko chini ya benchi na Sufi uani na mzee, anayeshona magodoro yake kule siku ambazo haendi karakanani. Mchana wanabadilishana. Usiku mmoja chumbani, mwingine sebuleni. Ili milango isikosane, Shangazi alitunga sheria: ndani ya nyumba ile, hakuna mtu kufungua mlango wowote kabla ya kupiga hodi. Ukipiga hodi, aliye upande wa pili anatazama mbwa yuko wapi, anamshika, ndipo anaitika karibu. Usipoitikiwa, unasimama hapohapo hata kama umebeba sufuria ya moto.

Ilikuwa vichekesho. Mwanamke anapiga hodi kwenda jikoni kwake mwenyewe. Mume anapiga hodi kwenda kulala na mkewe wa ndoa. Wateja waliokaa kwenye kibao cha mbele wakisubiri visigino walisikia hodi na karibu zikipishana ndani siku nzima, wakadhani kuna wageni wengi, wengine wakaaga mapema ili wasisumbue. Mzee Godoro aliizoea haraka kuliko mkewe. Alikuwa na namna yake ya kuitika karibu, ya taratibu, ndefu kidogo mwishoni, na nilianza kugundua kwamba Shangazi hupiga hodi hata pale ambapo mlango uko wazi.

Mimi sikuipenda sheria ile, na nitasema kwa nini, ingawa sababu hainipendezeshi. Kupiga hodi ni kwa mtu wa nje. Nyumba ile nimeingia kwa kutambaa. Nimelala kwenye kila chumba chake nikiwa na surua, na tetekuwanga, na nilipokosa kazi. Leo niambiwe nisimame kwenye korido nibishe kama mtu aliyekuja kuuliza njia? Nilitii mara mbili tatu kwa midomo iliyobana. Jumamosi moja asubuhi nikatoka jikoni na sinia la chai, nikasukuma mlango wa karakana ya viatu kwa goti, kimya. Sufi alikuwa nyuma yangu na sikumwona. Nta alikuwa chini ya benchi.

Sitaeleza kelele zile. Sinia lilianguka, mzee alikimbia kutafuta ndoo, na Shangazi, aliyekuwa amemweleza kila mtu mtaani lile onyo la daktari, aliingiza mkono katikati. Maji yalipomwagwa na mbwa wakatengana, alikuwa amekaa sakafuni amekumbatia mkono wake wa kulia kifuani. Ni kile kidole gumba. Kilikuwa kimetobolewa pande zote mbili.

Zahanati waliosha kidonda kwa sabuni na maji kwa muda mrefu, wakamchoma sindano, wakamfunga mpaka kwenye kiganja. Waliposema kwamba kidole kinaweza kurudi au kisirudi kama zamani, nilitoka nje nikaegemea ukuta. Niliporudi, muuguzi alikuwa anauliza ni mbwa gani aliyeuma, maana wote wana chanjo lakini aliyeuma lazima aangaliwe siku kumi. Shangazi akasema ni Nta, mbwa wake yeye. Mzee Godoro akasema hapana, ni Sufi. Shangazi akasema yeye ndiye aliyeumwa, kwa hiyo anajua. Mzee akasema mwenye maumivu huwa haoni vizuri. Walibishana pale mbele ya foleni, kila mmoja akimsingizia wa kwake, mpaka muuguzi akaweka kalamu chini. Akasema kazini kwake amezoea watu wanaokana mbwa wao, wanaogombea lawama hajawahi kuwaona. Akaandika wote wawili.

Tulirudi nyumbani. Mzee Godoro alimfungia Sufi uani, akaingia chumbani, na baada ya muda nikasikia zipu. Nilikwenda mpaka mlangoni, nikapiga hodi. Shangazi ndiye aliyeitika. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mkono mweupe wa bandeji mapajani, akimtazama mumewe anavyokunja mashati yake na kuyapanga kwenye mkoba. Mzee alinieleza mimi, kwa sababu alishindwa kumweleza yeye, kwamba kile chumba cha nyuma ya karakana yake bado kiko tupu, kwamba atakuja kila siku kumsaidia, na kwamba hakasiriki na mtu.

Nilianza kusema kwamba kosa ni langu. Shangazi akaniambia ninyamaze, zamu yangu inakuja.

"Sufi ndiye aliyekuuma, mke wangu," mzee alisema bila kuinua macho. "Na aliyemleta Sufi ni mimi. Ule mkono ndio maisha yako."

"Aliyeniuma ni Nta," alisema Shangazi. "Nilimwona kwa macho yangu. Na angekuwa Sufi, bado ningesema ni Nta."

Mzee alikunja shati jingine. Nilimwona Shangazi akitafuta neno, yeye ambaye maneno humjia kabla ya salamu, na nilimwonea huruma kiasi kwamba nilitaka kulitafuta pamoja naye.

"Mzee," alisema, "chumba hiki nimekiingia miaka ishirini bila kubisha, maana hapakuwa na wa kuitika. Sasa nabisha kwenye chumba changu mwenyewe, najiona mjinga, halafu unaniitika. Ukiondoka, nitabisha kwa nani?"

Mzee Godoro alisimama na lile shati mikononi. Kisha akalikunjua, akalitundika kwenye msumari. Akainama, akatoa la pili. Yalikuwa mashati matano, akayatundika yote mpaka mkoba ukawa mtupu. Shangazi yangu akitaka kulia humtuma mtu dukani. Mimi nimetumwa kununua viberiti visivyohitajika tangu nikiwa na miaka sita. Siku ile alilia mbele yetu wote wawili, na hakumtuma mtu.