Tokeni Iliyoonekana Kwenye Picha

Mchana ule nilikuwa chumbani kwangu, mtaa wa Mwanga, natengeneza mfumo wa kompyuta wa zahanati moja ya Ujiji. Nywila zote za mfumo nilizihifadhi kwenye programu ya kutunza siri, ambayo haimfungulii mtu asiye na tokeni, yaani mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu. Kwa kuwa nilikuwa bado kwenye majaribio, nilitumia tokeni kuu, ile inayofungua kila kitu. Zenye mipaka ningetengeneza baadaye.

Mfumo ukawa unaikataa. Baada ya kuhangaika sana nikapiga picha ya kioo cha kompyuta, nikaituma kwenye kundi la mtandaoni la watengenezaji programu, wengi wao nisiowajua. "Wakuu, nakosea wapi?"

Mmoja akaniandikia pembeni: "Dada, futa hiyo picha haraka. Tokeni inasomeka, na anwani ya seva pia."

Nilifuta picha, nikaibatilisha tokeni, nikabadilisha nywila moja moja huku nikikosea kuandika. Kisha nikataka kuona kama kuna mtu aliyeingia. Lakini sehemu ya kurekodi wanaoingia sikuwa nimeiwasha. Na nyuma ya nywila zile kulikuwa na majina halisi ya wagonjwa, wakiwemo wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Baadhi yao ni akina mama wa soko la samaki la Katonga wanaoniuzia dagaa.

Nilipanda bodaboda hadi Ujiji kwa muuguzi mkuu, aliyenipa kazi ile.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umekuja bila taarifa?"

Nikamweleza yote. Akainuka, akafunga mlango.

"Wameiona wangapi?"

"Sijui, mama."

"Na walioingia ndani?"

"Hilo nalo sijui. Na siwezi kujua tena."

Akarudi kitini. "Mwanangu," akasema, "humu mna wanawake ambao waume zao hawajui. Mmoja ametoka hapa asubuhi hii."

Hakunifukuza. Tulimwandikia barua mganga mfawidhi, mkuu wa zahanati, kumweleza yaliyotokea, na kuanzia siku ile nikafanya majaribio kwa majina ya kubuni. Hakuna aliyekuja kulalamika hadi leo. Lakini nikienda Katonga kununua dagaa, bado nazisoma nyuso za wale akina mama kabla sijawasalimia.