Mstari wa Historia ya Familia

Siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati moja karibu na Kolo, Mganga Mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, alinikabidhi muhuri wa mpira. Ulipogongwa kwenye daftari la mgonjwa uliacha mistari ya kujaza: jina, umri, malalamiko, historia ya familia. Nikamuuliza hiyo historia ya familia inaulizwaje.

"Haiulizwi," akasema. "Andika hakuna. Foleni huioni?"

Nilikuwa kijana mgeni kutoka Tabora, na cheti cha uuguzi hakijakauka wino. Nikaandika hakuna. Niliiandika kwa miaka, kwa mwandiko mzuri kabisa, na leo nikikumbuka natamani kujizaba kofi.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ndiyo kwanza imefunguliwa. Maduka yalijaa redio na vitambaa vya nje, lakini mgonjwa alikuja na daftari lake la shule, lenye jedwali la kuzidisha nyuma, na hilo ndilo lilikuwa faili lake. Likipotea, basi.

Rovu, uvimbe wa tezi ya shingo, tulikutana nalo kila siku. Kwa wengi lilitokana na upungufu wa madini joto, tukawapa vidonge na somo la chumvi. Kosa letu lilikuwa kudhani kila shingo ni chumvi. Uvimbe mgumu kama kokwa na sauti inayokwaruza ni mambo ya kukufanya uwaze saratani. Na ipo saratani ya tezi hiyo inayofuata ukoo, mzazi hata mtoto, na mtoto anaweza kuwa nayo kabla hajaumwa popote. Ndiyo maana mtu mwenye akili aliuweka ule mstari kwenye muhuri. Sisi tukauzibia mdomo.

Baadaye nilihamishiwa zahanati ya upande wa Makutupora. Hapo ndipo alipokuja Yoramu, mzee aliyekuwa akipogoa mizabibu, akisindikizwa na binti yake Nyemo. Shingo imevimba, sauti inakwaruza. Siku hiyo foleni ilikuwa fupi, kwa hiyo niliuliza.

"Mzee, kwenu kuna mwingine aliyeugua hivi?"

"Hakuna, daktari."

"Baba? Mashangazi?"

Akamtupia jicho binti yake. "Nimeshasema hakuna."

Nikaandika. Mfawidhi wa pale, bwana mwenye haraka zake, akausoma mstari wangu bila kumgusa mgonjwa. "Hakuna? Basi ni rovu tu. Mwambie abadilishe chumvi." Yoramu alibadilisha chumvi. Alipofikishwa hospitali kubwa hata uji haukupita kooni, na hakurudi.

Nilikwenda kumzika. Mimi ni Mnyamwezi, na Wagogo, kabila la marehemu, ni watani wetu. Msibani mtani ana ruhusa ya kusema na kufanya mambo ambayo mwingine angeyafanya angefukuzwa. Nikavaa koti la marehemu, nikafunga skafu shingoni nikachomeka limau ndani yake, nikaanza kuzunguka uani nikikwaruza: "Nileteeni maji, enyi wachoyo, koo limekauka!" Watu walicheka huku wanalia. Shangazi wa marehemu, Bibi Sechelela, akapiga makofi.

"Hivyohivyo! Baba yake hivyohivyo! Na Mbeleje dada yetu, mpaka anakufa, sauti hiyohiyo!"

Kicheko kikanikauka. "Bibi, wote hao walivimba shingo?"

"Ee mtani, ndizo shingo za kwetu. Nyemo ameposwa. Tukayaseme hospitali, nani atamwoa?"

Nilipandwa na hasira, na sijui hata leo nilimkasirikia nani zaidi, wao au mimi. Nikageuka kumtazama Nyemo. Jua lile la Dodoma, na yeye kajifunga kitenge shingoni.

Jeneza lilipotaka kutoka, nikajilaza mlangoni. Watu wakacheka tena, maana mtani akiziba njia hupewa kitu ndipo ainuke.

"Mtani anataka nini? Kuku?" akauliza mdogo wake marehemu.

"Sitaki kuku. Namtaka Nyemo, kesho asubuhi, zahanati."

"Inuka, mtumwa wangu," akasema, kama watani tunavyoitana. "Mchungaji anangoja."

"Angoje! Mimi ndiye niliyeandika kwamba ukoo huu hauna ugonjwa. Siinuki."

Hakuna aliyecheka tena. Nililala pale vumbi likiniingia masikioni, mpaka Bibi Sechelela akasema, "Mpeni. Mtani hanyimwi."

Kesho yake niliigusa shingo ya Nyemo. Kijikokwa kidogo, kigumu. Mfawidhi akanikoromea: "Binti mzima huyu! Unataka barua ya rufaa kwa ajili ya vichekesho vya msibani?"

"Kwa ajili ya watu watatu waliokufa, mganga."

Aliiandika huku ananung'unika. Dar es Salaam walimkuta na saratani, bado haijaenda mbali, wakaitoa tezi yote. Yule mchumba alitoweka. Akaja mwingine, mwenye moyo.

Sasa nimestaafu, nipo Nkuhungu. Vijana wana kompyuta, na nimekaa kwenye benchi zao nikawaona: hapo kwenye familia wanabofya tu "hakuna" bila kuinua macho. Wananichosha. Mwezi uliopita Nyemo alipita kwangu na binti yake, anampeleka kupimwa ile saratani ya ukoo.

"Shikamoo, mtumwa wangu," akasema, akatoa daftari kuukuu la baba yake. Mwandiko wangu ule ule mzuri: hakuna.

Nilimwomba radhi. Akanipa kalamu. Nikakata lile neno, nikaandika: baba, shangazi.

"Niandike na mimi."

Nikaandika: binti. Kisha nikamtazama yule mtoto, amesimama anafungua na kufunga kifungo cha kola yake.

"Na huyu?" nikauliza.

"Huyu mwachie nafasi," akasema Nyemo.

Nikaiacha.