Msichana wa Ng'ambo na Juzuu Amma

Chuo chetu kilikuwa kwenye baraza ya nyumba ya mwalimu, kando ya mto, mwendo mfupi kutoka Garsen. Mwalimu alikuwa mwanamke wa Kipini aliyeolewa na mkulima wa kijijini kwetu. Hakusema "njoo", alisema "ndoo," kama wasemavyo kwao, nasi wasichana tulimwiga akitupa mgongo. Siku hizo dini ilikuwa bado mpya kwa wengi wetu. Baba yangu alijifunza kusali akiwa mtu mzima, kwa hiyo alitaka mwanawe aisome Kurani ambayo yeye hakuwahi kufundishwa.

Kanuni za mwalimu zilikuwa chache lakini nzito. Hupandi sura nyingine mpaka hii uliyo nayo uisome bila kuutazama ubao wako ulioandikwa. Ukiimaliza juzuu, unaisoma yote kwa kikao kimoja mbele ya wenzako, na ukikwama unarudi mwanzo. Aliyekosa chuo msimu mzima, awe alikuwa mgonjwa au alikuwa shambani akiamia ndege wasile mpunga, naye alipimwa upya. Hakujali wewe ni mtoto wa nani.

Nilikuwa katikati ya Juzuu Amma, ile ya kwanza kusomwa na kila mtoto, alipokuja msichana wa ng'ambo ya mto. Ilikuwa kiangazi, na wafugaji wa nyanda walikuwa wamewaleta ng'ombe wao mtoni kama kawaida yao. Baba yake, ambaye naye alikuwa ameanza kusali, alimvusha kwa mtumbwi akiwa na kibuyu cha maziwa ya kumpa mwalimu. Alikuwa wa rika langu, mrefu, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Mwalimu akamketisha karibu nami na kuniambia, "Mfundishe kushika kalamu."

Kushika kalamu kulimtaabisha. Kusoma hakukumtaabisha hata kidogo. Alichosomewa asubuhi alikuwa nacho adhuhuri, na alikisoma kwa sauti iliyonyooka, ya mtu aliyezoea kuita wanyama walio mbali. Wanawake waliokuwa wakitwanga mpunga nyumba ya pili walisimamisha michi wakasikiliza. Kabla ya mvua alikuwa amenifikia. Tukawa tunasoma pamoja, mmoja akianza aya na mwingine akiimaliza, na nikajikuta naamka mapema ili nimpokee pale mtumbwi unapofika.

Mvua ziliponyesha, nasi tumeshaimaliza juzuu, ng'ombe waliondoka kwenda malishoni mbali na mbu wa mto, naye akaenda nao. Nilikaa na nafasi tupu ubavuni mwangu. Niliendelea kusoma, lakini kila nilipomaliza nusu ya aya nilinyamaza kidogo, kama mtu anayengoja kujibiwa.

Kiangazi kilichofuata alirudi. Mwalimu akampima siku ileile. Katika Juzuu Amma kuna sura mbili zinazofuatana, maneno yake yanafanana, na mahali fulani mtu huanza katika moja akajikuta yumo katika nyingine. Hapo ndipo alipoteleza. Mwalimu akamrudisha nyuma, akasoma tena, akateleza palepale.

"Anza juzuu upya, mwanangu," mwalimu akasema.

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, maana niliona ninavyomwacha nyuma. Tulipokuwa tukiosha mbao zetu mtoni nilimuuliza kama alikuwa amesahau.

"Mimi hapana sahau," akasema. "Kila siku nasoma. Nasoma kwa ng'ombe. Ng'ombe hapana jua kosa."

Basi nikaenda kwa mwalimu. Nilimwambia kwamba yule msichana hakuwa mvivu. Alisoma mvua nzima, ila hakuwa na wa kumsahihisha, na kosa likaota mizizi. Nikamwomba ampandishe.

Mwalimu alikuwa akichambua mchele. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nikimpandisha na kosa lake, ataenda nalo mpaka kaburini," akasema. "Hiyo siyo huruma." Kisha akaendelea kuchambua. "Lakini juzuu nzima si lazima. Atengeneze palipoharibika, kisha anisomee yote. Akipita, amepita. Na wewe utasoma naye."

Ni mara moja tu niliyowahi kumwona akiipinda kanuni yake. Tulizisoma zile sura mbili mpaka mama akasema anazisikia ndotoni. Siku ya kupimwa, msichana yule alisimama barazani, akafumba macho, akasoma Juzuu Amma tangu mwanzo hadi mwisho. Alipofika pale penye kuteleza nilimshika upindo wa nguo yake, naye akapita salama. Mwalimu alimsogezea ubao msafi wa juzuu inayofuata.

Kuanzia hapo tulipanga kuhitimu pamoja. Angekuja kila kiangazi, nami ningemngoja. Alisema mama yake angemleta na ndama siku ya hitima yetu.

Halafu ikaja sotoka. Ng'ombe walikufa nyandani mpaka tai wakashindwa kuruka kwa shibe. Kiangazi kilifika, na ng'ambo ya mto hapakuwa na mifugo wala moshi wa makambi. Nilipunguza mwendo wa kusoma kusudi, nikijidai sijaweza, mpaka mwalimu akaniita pembeni.

"Humsaidii kwa kukaa chini," akaniambia. "Soma. Akija, atakukuta umefika, atakuwa na wa kumvuta."

Nikasoma. Nilihitimu Kurani yote nikiwa msichana mkubwa. Walinipaka hina, wakanizungusha kijiji kizima kwa kasida, baba yangu akilia hadharani bila haya. Nilikuwa na furaha, siwezi kusema sikuwa nayo. Lakini wote waliponitazama mimi, mimi nilitazama ng'ambo.

Niliolewa hapohapo kijijini. Wachuuzi wa ngozi niliwauliza habari zake. Mmoja alisema jamaa zake walihamia mbali kaskazini, mwingine hakuwahi kuwasikia. Baada ya miaka ng'ombe walianza kurudi mtoni, wachache, wakichungwa na watu nisiowajua. Kila walipokuja nilishuka kuteka maji, hata mtungi wa nyumbani ukiwa umejaa.